Mbwa wa Nyumbani na Kondoo: Somo la Siku ya Kwanza

Katika maboma mengi ya Nyandarua, mbwa na kondoo hulala wakiwa wametenganishwa na ukuta wa mbao tu, lakini hawajawahi kufahamishana. Mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Kondoo hutoka asubuhi na kurudi jioni. Siku mnyororo unapokatika saa nne asubuhi ndipo wanapokutana ana kwa ana, na matokeo huwa ni kundi lililotawanyika hadi kwenye viazi vya jirani, kondoo aliyetupa mimba, au mwanakondoo aliyeraruliwa paja. Kesi huenda kwa mzee wa Nyumba Kumi, kisha kwa chifu, na majirani waliosaidiana miaka mingi huacha kusalimiana.

Kwa familia yenye kondoo sita au saba hasara hiyo si ndogo. Kondoo ndiye akiba inayouzwa Januari shule zinapofunguliwa. Ndiyo maana inafaa mfugaji mwenye mbwa ajue namna ya kumtambulisha kwa kondoo mapema, kwa utaratibu, hata kama hana nia ya kumfanya mchungaji.

Mbwa anayekimbiza kondoo hana ubaya wa tabia. Ndani yake kuna hatua za uwindaji za tangu zamani: kutazama, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua. Mbwa wa kuchunga ni yule ambaye kwa uzazi na mafunzo hatua tatu za mwanzo zimebaki na mbili za mwisho zimezuiwa. Aina ya Border Collie kutoka mpaka wa Uingereza na Scotland inajulikana kwa jicho lake kali linalosogeza kondoo bila kuwagusa. Wengi wa mbwa wetu wa kienyeji ni walinzi zaidi kuliko wachungaji, na hilo si kasoro. Wanaweza kufundishwa kutulia kati ya kondoo na kubweka fisi au chui anapokaribia kutoka upande wa msitu wa Aberdare.

Kuna mbwa mmoja ambaye historia yake wengi hawaijui. German Shepherd, anayefugwa hapa kwa ajili ya kutisha wezi, ni mbwa wa kondoo. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja wa kuchunga na kuanzisha chama cha kuendeleza aina hiyo. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kutembea kwenye mpaka wa shamba huku na huku ili kondoo wale nyasi upande mmoja bila kugusa mazao upande wa pili. Yaani walikuwa ua unaotembea. Mtu yeyote aliyewahi kulisha kondoo kwenye ukingo wa barabara, viazi vya huyu vikiwa kulia na kabeji za yule zikiwa kushoto, ataona mara moja faida yake.

Kabla ya kukutana

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Aliyechanjwa leo asipelekwe kwa kondoo kesho. Mwili unahitaji wiki 4 hivi kujenga kinga. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na mbwa anayezunguka kati ya mifugo, watoto na wanyama wa porini ndiye wa kwanza kuangaliwa.

La pili ni tegu, na hapa wafugaji wengi hukosea bila kujua. Kondoo anapochinjwa nyumbani, ini au mapafu yenye mafuko ya maji hutupiwa mbwa. Mbwa huyala, minyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi chake na kuanguka kwenye malisho. Kondoo huyala pamoja na nyasi, na mtu huyapata kwa mikono isiyonawiwa. Kwa binadamu mafuko hayo huweza kukua kwenye ini kwa miaka mingi hadi yakahitaji upasuaji. Aina nyingine ya tegu huingia kwenye ubongo wa kondoo, naye huinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka mahali pamoja. Huyo akifa kichwa chake kisitupiwe mbwa hata kidogo. Viungo vya aina hiyo vichomwe au vizikwe kwenda chini asikoweza kufukua, na mbwa apewe dawa ya tegu angalau mara 4 kwa mwaka. Ofisi ya mifugo ya wadi itaeleza kipimo kulingana na uzito wake.

La tatu ni maneno matatu: njoo, lala, acha. Yawe kwa Kiswahili, Gikuyu au lugha yoyote ya nyumbani, mradi kila mtu bomani atumie neno lile lile. Baba akisema moja na watoto wakisema jingine, mbwa hatajua amtii nani. Mbwa ambaye haji anapoitwa akiwa na mfupa mbele yake hawezi kuja akiwa na kondoo mbele yake. Huyo bado hajawa tayari.

Umri nao una maana. Mtoto wa mbwa aachwe awaone kondoo kupitia kwenye ua na azoee harufu na milio yao. Kazi yenyewe isubiri hadi miezi 8 au hata 12. Akianza mapema mno, pigo moja la kichwa cha kondoo jike linatosha kumtia woga wa maisha.

Siku yenyewe

Asubuhi au jioni yenye ubaridi ndiyo nzuri. Achaguliwe mahali padogo penye ua imara, upana wa hatua 20 hivi, na pembe zizibwe kwa mbao ili kondoo wasijibane humo na kukanyagana. Watumike kondoo 3 hadi 5, wazima na wapole. Mmoja peke yake hafai kwani kondoo aliyetengwa huchanganyikiwa na kuruka ua. Dume asiwemo, wala anayenyonyesha, wala mwenye mimba. Kondoo hubeba mimba kwa takriban miezi 5, kwa hiyo mfugaji asiyekumbuka siku ya kupandisha amwache nje yule anayemshuku.

Mbwa aingie akiwa amefungwa kamba nyepesi ya mita 5 au zaidi, si mnyororo. Kwanza atembezwe nje ya ua akizunguka hadi atulie. Ndani, mtu asimame kati ya mbwa na kondoo, asiseme sana, na atembee polepole. Watu wengi hapa huharibu kazi kwa kelele. Mbwa husikia sauti ya juu kama shangwe ya kumwongezea kasi.

Inasaidia kujua kondoo wanavyofikiri. Kila kondoo ana umbali ambao mbwa akiuvuka yeye huondoka, na mbwa akirudi nyuma yeye husimama. Mbwa akiwa nyuma ya bega la kondoo, kondoo huenda mbele. Akipita mbele ya bega, kondoo husimama au hugeuka. Karibu kazi yote ya kuchunga imo humo, na mchungaji yeyote mwenye fimbo tayari anaifahamu kwa mazoea.

Dalili nzuri ni mkia ulioshuka, kichwa kilicho chini, na mbwa anayezunguka kwa mbali akilitazama kundi zima. Wengine hujaribu wenyewe kwenda upande wa pili wa kondoo ili wawalete kwa mwenye kamba. Huyo ana kipaji. Dalili mbaya ni mkia ulioinuka, kubweka mfululizo, kupenya katikati ya kundi, au kumchagua kondoo mmoja na kumng'ang'ania. Akishika sufu kwa meno, kamba ivutwe mara moja, neno "acha" litamkwe, na somo liishe kwa siku hiyo. Asipigwe mbele ya kondoo. Atakachojifunza ni kwamba kondoo huleta maumivu, na atawaogopa au kuwachukia.

Wapo pia wanaoanza kunusa ardhi, kula mavi ya kondoo au kutazama pembeni. Mfugaji hudhani mbwa huyo ni mvivu. Mara nyingi amezidiwa tu, na anahitaji kutolewa nje apumzike.

Dakika 10 zinatosha. Afadhali mbwa atoke akiwa bado anataka kuendelea kuliko atoke akiwa amechoka na kuharibu.

Baada ya hapo

Anayetaka kumfundisha mbwa kulinda mpaka wa shamba aanze bila kondoo. Kila siku atembee naye kwa kamba kwenye mstari ule ule kati ya nyasi na viazi, na kila anapoingiza mguu kwenye viazi aitwe arudi. Mstari ukishamkaa kichwani, waletwe kondoo wachache. Hii ni kazi ya miezi, na hata baada ya miezi hiyo mbwa asiachiwe kundi peke yake na mtoto.

Wako mbwa ambao hawatafaa kamwe. Mbwa aliyekwisha kuua kondoo na kuonja damu ana nafasi ndogo sana ya kubadilika, na kumrudisha malishoni ni kucheza na mali ya watu. Abaki kwenye ua uliofungwa, hasa usiku, maana mbwa wawili watatu wakikutana gizani hufanya ambayo hakuna mmoja wao angeyafanya peke yake.

Na mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa wakati wa mafunzo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa kama ipo. Mbwa mwenyewe afungwe mahali salama bila kuuawa, apewe chakula na maji, na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe ili amchunguze kwa siku 10.