SOMO LA TAWI: KUSAFIRI NA MZEE ALIYEPOTEWA NA KUMBUKUMBU



Somo la leo si la mkataba wala la mishahara, lakini limetoka katika nyumba za wafanyakazi, na kwa hiyo lina haki ya kukaa katika kurasa hizi. Wanachama kadhaa wametuuliza: mzee wangu amekuwa kama mtoto, jina langu hulijua leo kesho halijui, nami nimeitwa kwenye matanga mbali, je, nimchukue au nimwache? Swali hilo lilitukuta sisi wenyewe. Tulimchukua mama yetu kutoka Gitega mpaka Muyinga kwenye arobaini ya mjomba, ndugu yake wa kumfuata. Tutaeleza tulivyokosea, maana makosa yetu ndiyo yaliyotufundisha.

Kwanza tuuelewe ugonjwa. Huku kwetu watu husema mzee amerogwa, au husema ni uzee tu. Wataalamu huuita demensia. Ni ugonjwa wa ubongo, unaoharibu chembe zake kidogo kidogo. Aina iliyoenea zaidi ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wapatao milioni 57 mwaka 2021, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi si ugonjwa wa Wazungu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Jambo moja mlishike, kwani mengine yote yanatoka hapo: mara nyingi mambo ya jana hupotea kwanza, na ya zamani hukaa. Mama hajui kama amekula, lakini bei ya kitenge alichonunua mwaka alioolewa anaijua.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kumwambia habari ya safari wiki nzima kabla. Kila usiku alifunga mzigo wake akakaa mlangoni kungoja gari. Ilitosha kumwambia asubuhi ile ile, wakati chai iko mezani.

Kosa la pili lilikuwa saa ya kuondoka. Tulikuwa tumekodi Probox, na miaka hii mnajua wenyewe habari ya petroli na foleni zake. Dereva aliipata baada ya adhuhuri, nasi tukaondoka alasiri. Wagonjwa wengi wa namna hii huchafuka zaidi jua linapoelekea kutua. Huwa na hofu, hutaka kwenda nyumbani hata wakiwa nyumbani. Mafuta yakikosekana asubuhi, ni bora kulala na kuondoka kesho alfajiri. Tena tulimnyima maji ili asisumbue kusimama njiani. Hilo tunalionea haya. Mzee akikaukiwa na maji akili huvurugika maradufu. Na akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, msiseme ndio ugonjwa wake. Huenda ni malaria au maradhi ya mkojo, na hayo yanatibika. Mpelekeni kituo cha afya.

Kabla ya kufika daraja la Ruvubu alikwisha kuuliza mara nyingi, "Tunakwenda wapi?" Mdogo wetu akachoka, akamjibu kwa ukali, "Nimekwisha kukuambia, mama!" Mama akalia. Aliyaacha maneno, lakini ukali ulibaki naye mpaka mbali, akawa anatutazama kama watu wabaya waliomchukua. Tangu hapo tulijibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ya kwanza.

Swali zito lilikuwa jingine. "Ndugu yangu atatupokea?" Tulimwambia kweli: mjomba amefariki, tunakwenda kwenye arobaini yake. Akapiga kelele ya mtu anayepata habari sasa hivi. Baada ya muda akasahau, akauliza tena, tukamwambia tena, akalia vile vile. Ndipo dada yetu akasema, "Mtamfisha mara ngapi kwa siku moja?" Alipouliza mara ya tatu, dada alimjibu kwa swali: "Mama, mjomba alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa mdogo?" Mama akacheka, akaeleza jinsi walivyochunga mbuzi wakalala, mbuzi wakaingia katika mtama wa watu. Wako watakaosema huo ni uongo. Sisi hatuoni hivyo. Kweli alikwisha kuambiwa, na ataulilia msiba atakapokuwa katikati ya watu wa kumshika. Ndani ya gari hapakuwa na faida.

Karuzi tulisimama. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemshika mkono, kumbe hakuna aliyemshika. Tulimtafuta kwa muda uliotutoa jasho baridi. Tulimkuta kwa akina mama wanaouza maharagwe. Walimpa kigoda, naye alikuwa anachambua maharagwe pamoja nao bila wasiwasi wowote. Siku hizi tunataja mtu kwa jina: kutoka hapa mpaka pale wewe ndiwe mwenye mama, wala usitazame simu. Tena tumeshona ndani ya upindo wa kitenge chake kipande cha nguo chenye namba ya simu, na karangamuntu yake anaishika dada.

Giza lilianza kuingia tulipofika kwenye kizuizi cha polisi karibu na Muyinga. Askari alimulika tochi ndani ya gari. Mama alimvuta mjukuu chini ya miguu yake akamfunika kwa kitenge, mikono inatetemeka, akatuashiria tunyamaze. Hatukuuliza ni mwaka gani uliokuwa kichwani mwake. Mzee wa umri wake katika nchi hii amepita 1972 na amepita 1993, na ugonjwa huu haufuti hayo. Askari, kijana tu, alidhani tunaficha kitu. Dada alishuka akamweleza taratibu. Kijana akazima tochi, akasogea dirishani, akasema, "Amahoro, mama," akaturuhusu. Tunamshukuru. Lakini yatupasa sisi kutangulia: anayekaa mbele na dereva ashushe kioo mapema, aseme tuna mgonjwa anayeogopa taa.

Muyinga usiku aliamka asijue nyumba ni ya nani. Tuliacha taa ikiwaka, na mkeka na kikombe alivyovizoea vilimsaidia kuliko maneno yetu. Kesho yake tulimkalisha na wazee wenzake. Dua zilipoanza aliitikia zote, hakukosa hata moja. Watu walitutazama kana kwamba tulikuwa tumewadanganya juu ya ugonjwa wake.

Sasa upande wa kazi. Safari ilichukua siku tatu. Sisi wenye mkataba tulitumia siku zetu za likizo ya mwaka. Dada yetu anachagua kahawa kwa kibarua. Siku asiyokwenda hailipwi, na ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi, kama anavyoibeba kila siku nyumbani. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, nao hautaji watoto peke yao; unataja pia jamaa wengine wa karibu wanaohitaji kutunzwa. Mikataba ya kazi tunayoijua sisi hutaja arusi, kifo na kuzaliwa. Mzee aliye hai anayehitaji kushikwa mkono hatujamwona humo.

Tunaomba kila tawi, la kiwandani na la mashambani, wa chai ya Teza na wa miwa ya Moso, lijadili katika mkutano ujao: katika nyumba zenu ni nani anayemtunza mzee wa namna hii, na anapoteza siku ngapi za kazi kwa mwezi? Vibarua nao waulizwe, hata wasio na kadi ya chama. Andikeni majibu, mtuletee.