Draiva Haina Uwezo wa Kukataa: Hatari za Kuibandua Kompyuta Ikiwa Kazini

Kwenye kompyuta ya Linux, fundi mwenye mamlaka ya root anaweza kukitenga kifaa na draiva yake kwa kuandika mstari mmoja ndani ya faili iitwayo unbind. Faili hizo zimo katika saraka ya /sys, na karibu kila draiva ya PCI au USB ina ya kwake. Msanidi wa kerneli Greg Kroah-Hartman aliziingiza mwaka 2005, toleo la 2.6.13, na zina manufaa ya kweli: kuizindua kadi ya Wi-Fi iliyoganda bila kuzima mashine, kuipa mashine pepe kadi ya picha, kujaribu draiva inayoandikwa. Lakini maelekezo yanapopokezanwa kati ya mafundi, mara nyingi hubaki ile amri tupu. Kinachoachwa ndicho kilichopaswa kusemwa kwanza: draiva inayobanduliwa kwa njia hii haina uwezo wa kukataa.

Wengi hudhani ina ulinzi uleule wa rmmod, amri ya kutoa moduli kwenye kerneli. Kerneli huhesabu watumiaji wa kila moduli, na hesabu isipokuwa sifuri rmmod hugoma na kusema moduli inatumika. Kwa unbind hesabu hiyo haizuii chochote. Kerneli huiita kazi ya kuondoa iliyomo ndani ya draiva, na kazi hiyo hairudishi jibu. Mwaka 2021, katika toleo la 5.15, msanidi Uwe Kleine-König alirekebisha msimbo ili hata katika ngazi ya basi (bus) kazi hiyo isirudishe thamani yoyote, kwa kuwa thamani iliyokuwa ikirudishwa ilipuuzwa tu. Kwa hiyo kila ukaguzi ambao ungetarajia mashine iufanye unabaki juu yako.

Tatizo kubwa ni kumbukumbu. Chukua programu iliyofungua faili ya kifaa chini ya /dev. Draiva ikibanduliwa, huachilia kumbukumbu iliyokuwa imeshika kwa ajili ya kifaa hicho, lakini programu bado ina mlango wake wazi. Inaporudi kusoma au kuandika, kerneli inaweza kuigusa kumbukumbu ambayo tayari imeshapewa mmiliki mwingine. Ukiwa na bahati, kerneli hugundua kosa na kuliandika kwenye kumbukumbu zake za matukio. Usipokuwa na bahati, data ya kitu kisichohusika kabisa huharibika kimyakimya na mashine huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Msanidi Laurent Pinchart alilizungumzia hilo katika mkutano wa wasanidi, Linux Plumbers, mwaka 2022. Alieleza kuwa devm_kzalloc, njia rahisi ya kuomba kumbukumbu inayopendwa na waandishi wa draiva, huifunga kumbukumbu kwenye uhai wa muungano wa kifaa na draiva, wala haimsubiri mtumiaji wa mwisho aondoke. Draiva nyingi zina kasoro ya namna hii na haionekani, kwa sababu kifaa chake kimechomelewa kwenye ubao na hakuna aliyewahi kukibandua.

Windows huanza kwa njia ya kistaarabu zaidi. Ukiomba kutoa kifaa, mfumo huziuliza kwanza draiva na programu zinazokitumia, na yeyote kati yao anaweza kupinga. Ule ujumbe unaokuambia kifaa bado kinatumika ndiyo sauti ya aliyepinga. Uheshimu, ufunge kinachotumika, kisha ujaribu tena.

Sasa rudi kwenye Linux, utazame kinachotokea diski inapohusika. Fundi anataka kuitenga diski ya pili ya NVMe, anakosea tarakimu moja ya anwani, na anaandika:

echo 0000:01:00.0 > /sys/bus/pci/drivers/nvme/unbind

Hiyo ndiyo diski yenye mfumo mzima. Skrini haizimiki. Dirisha la amri bado lipo, na pengine ls itajibu kama kawaida, kwa sababu nakala yake ingali kwenye RAM. Amri inayofuata inarudisha kosa la kusoma na kuandika. Anajaribu kuwasha upya mashine, na amri ya kuwasha upya nayo haisomeki, maana ilikuwa kwenye diski ileile. Kumbukumbu za matukio nazo hazina pa kuandikwa, hivyo kesho yake hatakuta maelezo ya kilichotokea. Kwa kawaida Linux huweza kukaa na data mpya kwenye RAM kwa takriban sekunde 30 kabla ya kuihesabu kuwa imechelewa kupelekwa diskini. Kerneli za karibuni hujitahidi kuisukuma kabla diski haijaondoka, lakini hifadhidata iliyokuwa katikati ya kuandika hukatwa palepale.

Kadi ya picha huponza watu kwa njia nyingine. Anayetaka kuipa mashine pepe huibandua huku mazingira ya picha bado yanaitumia. Draiva rasmi ya NVIDIA ikikuta bado kuna wanaoitumia huandika onyo na kukaa ikisubiri waondoke. Amri yako nayo hukwama hapo, katika hali ambayo hata kill -9 haiiondoi. Draiva nyingine zinaweza kuiangusha kerneli. Dawa ninayoipendekeza kwa nguvu zangu zote ni kutoibandua kadi hiyo mashine ikiwa kazini. Iandike kwenye vigezo vya kuwashia, kwa vfio-pci.ids, ili vfio-pci, draiva inayoishikilia kadi kwa ajili ya mashine pepe, iichukue kabla draiva ya kawaida haijaigusa. Kumbuka pia kuwa kadi ya picha mara nyingi huwa na kifaa cha sauti pembeni yake, 01:00.0 na 01:00.1, na vyote vilivyo katika kundi moja la IOMMU (kitengo kinachodhibiti vifaa vinavyogusa kumbukumbu) vinapaswa kuhama pamoja.

Kwa mtandao hatari ni nyepesi kueleza. Fundi aliye Arusha akiibandua kadi ya mtandao ya seva iliyo Frankfurt, anajifungia nje mwenyewe. Kama ni lazima, kubandua na kubandika viandikwe pamoja katika hati moja inayoendeshwa na seva yenyewe, ili urejeshaji usitegemee muunganisho uliokwisha kukatika. Vivyo hivyo kwa xhci_hcd, draiva ya kidhibiti cha USB: ukiibandua, kibodi na kipanya vya USB vinakufa navyo.

Kabla ya kugusa faili ya unbind, endesha lspci -k na usome anwani pamoja na jina la draiva, kisha uzisome tena. Kwa diski tumia lsblk uone kama kuna sehemu iliyopachikwa au inayotumika kama swap; zitoe kwa umount na swapoff. Kwa vifaa vingine, fuser -v au lsof zitakuonyesha nani ameshika faili ya kifaa. Simamisha huduma hizo kwa jina, endesha sync, na ujaribu kwanza rmmod, kwa sababu hiyo angalau inaweza kukwambia hapana. Kuna waandishi wa draiva walioiondoa kabisa faili ya unbind kwa kuweka suppress_bind_attrs. Ukiikosa, usitafute njia ya kuzunguka. Aliyeifahamu draiva hiyo kuliko wewe ameshaamua. Na rmmod -f isiwe njia yako ya pili, kwani nayo hupita juu ya hesabu ileile.

Mambo yakiharibika, usijaribu kubandika tena. Kerneli iliyopata kosa la kumbukumbu haiaminiki, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Kama amri bado zinafanya kazi, hifadhi matokeo ya dmesg kwenye mashine nyingine. Kisha shika Alt na SysRq, ambayo kwenye kibodi nyingi ni kitufe cha PrtSc, ubonyeze s ili data iliyobaki isukumwe diskini, u ili mifumo ya faili iwe ya kusoma tu, na b ili mashine iwake upya. Mpangilio wa kawaida wa Ubuntu, namba 176, unaruhusu hatua zote tatu. Mashine ikirudi, ikague mifumo ya faili kwa fsck kabla ya kuipachika, na ulinganishe hifadhidata na nakala ya akiba ya mwisho kabla watumiaji hawajaruhusiwa kuingia.