Bolti Yenye Kutu Haitaki Nguvu



Somo hili ni la vikundi vyenye pikapu ya kubeba maziwa ama mahindi. Huku kwetu Uasin Gishu gari hukanyaga matope miezi mingi, na matope yakigandia kwenye springi hukaa na unyevu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana nati hubanwa kana kwamba imechomelewa.

Mwaka 2023 niliandamana na kikundi kimoja kupeleka pikapu yao gereji moja karibu na Elgon View. Kazi ilikuwa kubadilisha bushi za springi za nyuma, basi. Fundi alitia spana, akaongezea bomba refu, akakanyaga. Bolti ikakatika ndani! Gari lililala siku tatu. Maziwa yakabebwa na bodaboda, mengine yakaharibika. Hasara hiyo ilishinda bei ya bushi.

Kazi hii huanza siku moja mbele. Sugua meno ya bolti kwa brashi ya waya, kisha umwagie mafuta ya kulegeza kutu. Rudia jioni, rudia asubuhi. Tumia soketi ama spana ya pete inayokaa sawasawa. Ile ya mdomo wazi hula kona za nati. Ikilegea kidogo ikakwama, irudishe nyuma kidogo, tia mafuta, endelea. Usione aibu kwenda polepole.

Mara nyingi nati hutoka lakini bolti inakataa, kwa sababu imeshikana na kibomba cha chuma kilicho ndani ya mpira wa bushi. Hapo rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti, ndipo ugonge kwa nyundo, la sivyo utaponda meno. Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno. Bushi si inatupwa?

Moto hupanua nati ikaachilia, lakini tangi la mafuta, paipu za breki na shokabzoba ziko karibu. Shokabzoba ikipashwa moto yaweza kupasuka. Hiyo ni kazi ya fundi mzoefu, si ya dereva wetu.

Tena, kuvuta spana kwa nguvu hutikisa gari. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni stendi imara, si mawe wala matofali, maana hupasuka ghafla.

Wakati wa kurudisha, angalieni namba kichwani mwa bolti, kama 8.8 au 10.9, mpate ya namba hiyo hiyo. Pakeni grisi pale inapopita kwenye kibomba. Bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa chini kwa magurudumu yake, ama mpira utajipinda na kuraruka mapema. Yubolti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Swali la mkutano: bolti ikikatika, nani atalipa, kikundi ama fundi? Sisi hatukuuliza kabla ya kazi kuanza.