Kiwanja cha Ndege Kilichogeuka Tena Malisho

Katika nchi ya Uingereza, karibu na mji wa Newbury, pana uwanda uitwao Greenham Common. Tangu zamani wenyeji wa kando yake walikuwa na haki ya kulisha ng'ombe na kuokota kuni hapo, wala hapakuwa na mtu wa kuwafukuza.

Hata mwaka 1941, wakati wa vita, serikali iliutwaa uwanda huo ili kufanya kiwanja cha ndege. Jioni ya tarehe 5 Juni 1944 Jemadari Eisenhower aliwaaga hapo askari wa miavuli wa Kiamerika, ambao usiku ule walikwenda kushuka Ufaransa. Vita vilipokwisha kiwanja kilifungwa; lakini mwaka 1951 Waamerika walirudi, wakajenga njia ya ndege yenye urefu wa kilomita 3 hivi, wakauzungushia uwanda ua wa seng'enge. Mwenye nguvu mpishe.

Mwaka 1981 wanawake walitembea kwa miguu kutoka Cardiff, wakapiga kambi langoni, kupinga makombora ya nyuklia yaliyokusudiwa kuwekwa mahali hapo. Walifukuzwa na kushtakiwa mara nyingi, nao wakarudi. Makombora yaliletwa mwaka 1983, hata yakawa 96. Kisha mwaka 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Muungano wa Kisovieti walipatana kuziharibu silaha za namna hiyo. Kombora la mwisho liliondoka mwaka 1991, na mwaka uliofuata askari wakaenda zao.

Basi kiwanja kikabaki kitupu. Je, ardhi iwe ya nani? Mwaka 1997 ilinunuliwa kwa faida ya watu wote. Njia ya ndege ilivunjwa, na vifusi vyake vikatumika kujengea barabara. Mwaka 2000 ua uliondolewa, ng'ombe wakaingia. Na sheria ya mwaka 2002 ikathibitisha haki za wenyeji.

Siku hizi nyasi na vichaka vimefunika mahali pa magurudumu. Mahandaki sita ya makombora yangali yamesimama, yakihifadhiwa kama kumbukumbu. Ardhi iliyotwaliwa kwa siku moja ilirudi baada ya miaka hamsini na zaidi.

MASWALI
1. Wenyeji walikuwa na haki gani kabla ya mwaka 1941?
2. Kwa nini wanawake walipiga kambi langoni?
3. Ni mambo gani yaliyofanya malisho yarudi?