Chupa Inayoteleza Chini ya Maji: Somo la Fizikia kwa Shule Isiyo na Bwawa

Kwenye mabwawa ya kuogelea ya mahoteli utaona watoto wakicheza na kidude cha plastiki chenye umbo la samaki. Ukikisukuma chini ya maji kinateleza mita kadhaa, hakina betri wala propela. Je, mwalimu wa Bariadi anaweza kukitengeneza na wanafunzi wake, katika mji ambao wengi wao hawajawahi kuona bwawa la kuogelea?

Anaweza, na hahitaji kusubiri bumu liingie. Mimi nilikitengeneza nikiwa BTP na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika shule moja ya sekondari mkoani Simiyu. Ndani ya kidude hiki mna mada nzima ya Kanuni ya Archimedes, ile ambayo wengi wetu tulidesa, tukajibia mtihani, na habari yake ikaishia pale.

Vifaa ni chupa ya maji ya nusu lita pamoja na kifuniko chake, kandambili iliyokatika, kipande cha dumu la mafuta ya kula, vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli vya kufungia, na mkasi au kisu. Basi.

Hatua ya kwanza: uzito

Chupa tupu iliyofungwa ukiizamisha, inasukuma kando maji yenye uzito wa zaidi ya gramu 500, wakati yenyewe haifiki hata gramu 30. Ndiyo maana ukiiachia inaruka juu kama chura. Ukiijaza mchanga inakwenda chini moja kwa moja. Tunachotaka ni katikati: uzito wa chupa ukaribiane na uzito wa maji inayoyasukuma.

Njia rahisi ni kuijaza maji mpaka pomoni, bila hewa hata kidogo. Maji yaliyo ndani ya chupa yanabebwa sawasawa na maji ya nje, kwa hiyo kinachobaki kupigiwa hesabu ni plastiki peke yake. Plastiki ya chupa hizi ni nzito kuliko maji kwa kiasi (sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.38 hivi), kwa hiyo chupa iliyojaa huzama taratibu. Tunatafuta gramu chache tu za kuinyanyua.

Hapo mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Ticha, si tuache hewa kidogo tu ndani?" Swali zuri. Tukajaribu kwenye beseni. Kiputo cha hewa hakitulii, kinakimbilia upande ulio juu. Pua ikiinuka kidogo, hewa inahamia puani, pua inazidi kuinuka, mwisho chupa inasimama wima. Lazima kinachoinua kikae mahali pamoja. Kandambili inafaa kwa sababu hewa yake imefungiwa ndani ya mpira. Kata kipande cha ukubwa wa nusu kiberiti, kifunge mgongoni mwa chupa kwa tyubu, halafu punguza kidogo kidogo huku ukipima ndani ya beseni. Kikiwa juu mgongoni, kinazuia pia chupa isibiringike.

Hatua ya pili: mwelekeo

Mtazame sangara au sato sokoni: mnene mbele, mwembamba nyuma. Maji yaliyopasuliwa na kichwa yanajifunga taratibu mkiani. Kwa hiyo kitako cha chupa ndicho pua, na shingo ndiyo mkia. Hapo shingoni funga mabawa mawili madogo na pezi moja la kusimama, yote yaliyokatwa kwenye dumu. Plastiki ya dumu inakaribiana sana na maji kwa uzito, haitavuruga mizani yako. Mabawa yakiwa nyuma chupa inakwenda mbele, kama manyoya ya mshale. Yakiwekwa mbele inayumba na kugeuka. Usiwaambie wanafunzi. Waache wafunge mbele, wasukume, waone.

Kwa nini mabawa yasaidie kitu kisicho na injini? Kitu kinachopanda au kuzama kidogo kidogo, kikiwa na mabawa, hakiendi wima. Maji yanateleza kwenye bawa na kukisukuma mbele. Wataalamu wa bahari wanatumia kanuni hiyohiyo. Mwaka 2009 chombo kiitwacho Scarlet Knight, cha Chuo Kikuu cha Rutgers, kilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka New Jersey hadi Hispania bila mtu ndani, kikakaa majini siku 221. Kilikuwa kinazama kikateleza mbele, kinapanda kikateleza mbele tena. Pampu ndogo ndiyo iliyobadilisha mizani. Sisi pampu yetu ni mkasi wa kukatia kandambili.

Hatua ya tatu: kizame au kiibuke?

Hapa ndipo ninaomba tutulie. Vidude vingi vya dukani vinazama, ili mtoto avifuate chini. Kwenye bwawa safi lenye mlinzi, sawa. Lakini mtoto wa Bariadi akikipenda kitu hiki atakipeleka wapi? Lamboni. Mtoto wa Lamadi kule Busega atakipeleka Ziwa Victoria. Maji ya lambo ni tope, chini hakuonekani, na kidude kilichozama kinamwita mtoto akifuate. Bado kuna kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi. Mwalimu anayefundisha kutengeneza kitu lazima afikirie kitatumika wapi baada ya kengele.

Kwa hiyo chupa yetu tunaiacha iwe nyepesi kidogo tu kuliko maji. Sogeza kandambili mbele kidogo, pua iinuke kiasi. Ukiisukuma chini ya maji inateleza huku ikipanda polepole, kisha inaibuka yenyewe. Hakuna wa kuizamia. Na sheria tuliiandika ubaoni: haiendi lamboni wala ziwani.

Maji ya kuchezea

Tulichimba mtaro wa mita 3, upana sentimita 60, kina sentimita 40, tukautandika turubai. Piga hesabu: ni lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20. Kiangazi cha Bariadi ndoo ya maji si kitu cha mzaha, kwa hiyo tulipomaliza tulimwagilia miti ya shule yote, siku hiyohiyo. Mtaro usilale na maji, kwani hata kina hicho kinaweza kumzamisha mtoto mdogo.

Kwa wenzangu wa pwani: maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Chupa iliyosawazishwa Bariadi ukiipeleka Coco Beach inapata gramu 13 hivi za ziada za kuiinua, na haitateleza vizuri. Dawa yake ni kumwaga maji ya bomba na kuijaza maji ya bahari. Waulize wanafunzi kwa nini. Atakayejibu ameielewa Archimedes.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tunapenda kusema shule za mikoani hazina maabara, na mara nyingi ni kweli. Lakini mada hii maabara yake iko jalalani. Ukipangiwa BTP, beba mkasi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, pima umbali kwa rula, wanafunzi waandike jedwali wenyewe. Na kabla hujawapa kidude waende nacho nyumbani, jiulize kwanza watakichezea kwenye maji gani.