Somo kwa Makatibu: Mtambue Ndege kwa Simu Kabla ya Kupeleka Taarifa



Mkulima anayeshuka kutoka Pasua kwenda kwenye majaruba ya Mabogini, mpunga unapoanza kuiva, huwasikia wanaoamia ndege kabla hajawaona: makopo yanagongwa na watoto wanapiga kelele. Katika eneo hili la skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, si ajabu mtu kufika mbio katika ofisi ya chama na kusema kwamba kwelea kwelea wameingia. Pengine ni kweli. Pengine ni mnana tu. Somo hili lamwonyesha Katibu namna ya kupata hakika kwa kutumia simu yake.

Kwa nini jina sahihi ni muhimu

Wataalamu hukadiria kwamba kwelea kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Kwa hesabu hiyo, kundi la ndege 100,000 laweza kumaliza tani moja kila siku, yaani magunia kumi ya kilo mia. Taarifa ikichelewa, mavuno huondoka.

Lakini taarifa ya uongo nayo ina gharama. Fenthioni, sumu itumikayo sana dhidi ya kwelea kwelea, hupulizwa mahali wanapolala, na huweza kuua pia bundi, mwewe na ndege wengine walio karibu. Bundi na mwewe hutusaidia kupunguza panya. Aidha, katika matete ya sehemu hizi huishi mnana wa Taveta, ndege ambaye duniani kote hupatikana katika sehemu ndogo tu ya Tanzania na Kenya. Haifai aangamie kwa sababu Katibu alikosea jina.

Dalili za kutazama

Kwelea kwelea ni mdogo, mwenye mgongo wa kahawia wenye michirizi. Dume wakati wa kuzaliana huwa na mdomo mwekundu, na mara nyingi uso mweusi. Mdomo wa jike wakati huo hugeuka kuwa wa manjano. Kwa hiyo rangi ya mdomo peke yake haitoshi. Dume wa mnana wa Taveta ni wa rangi ya dhahabu, mwenye hudhurungi kisogoni. Majike ndiyo yanayotatiza, na hapo ndipo simu inapofaa.

Matumizi ya programu

Programu iitwayo Merlin ilitolewa mwaka 2014 na Maabara ya Ornitholojia ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Haina malipo. Katibu afuate hatua hizi:

1. Akiwa penye mtandao mzuri, apakue programu pamoja na orodha ya ndege wa eneo letu. Baadaye itafanya kazi shambani hata pasipo mtandao.

2. Apige picha ya ndege mmoja, jua likiwa nyuma yake mpiga picha, na aikuze hadi ndege aonekane vizuri. Asipopata picha, ajibu maswali ya programu: mahali, tarehe, ukubwa, rangi, na ndege alikuwa akifanya nini.

3. Alinganishe jibu na dalili zilizotajwa hapo juu. Jibu la simu ni pendekezo, si hukumu. Programu husikiliza sauti pia, lakini haifahamu sauti za ndege wote, na kelele za kundi kubwa huichanganya.

4. Ahesabu. Ahesabu ndege kumi, aone wamechukua nafasi kiasi gani, kisha akadirie nafasi kama hiyo iko mara ngapi katika kundi zima.

5. Aandike katika daftari la chama, siku ile ile: tarehe, saa, jaruba, jina la ndege, idadi, walikotoka asubuhi na walikoelekea jioni. Mwelekeo wa jioni ndio unaoonyesha wanapolala.

Jina bila tarehe, mahali na idadi si kumbukumbu; ni uvumi. Kumbukumbu ya misimu mitatu au minne itakionyesha chama ni lini waamiaji waandaliwe mapema. Apendaye aweza pia kuziingiza katika eBird, hazina ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa na maabara hiyo mwaka 2002, ambayo watafiti wa dunia nzima huitumia.

Baada ya kuhakikisha

Akithibitisha ni kwelea kwelea, Katibu apeleke taarifa pamoja na picha kwa Afisa Ugani, ili ifike Halmashauri na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwanachama yeyote asinunue sumu na kujipulizia mwenyewe. Wakati wa kungoja, kazi ya kuamia iendelee kwa zamu.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Katika chama chetu, nani ana simu ifaayo, na nani atashika daftari Katibu asipokuwapo?
2. Msimu uliopita ndege waliingia tarehe gani? Tunajuaje?
3. Ni matete yapi jirani na mashamba yetu wanamolala ndege, na ni ndege gani?