Kivuli Ndicho Kinachochora Uso

Sisi wa mtaa wa Alunguli tuko ukingo wa mashariki wa mto Lualaba. Mitaa ya Kasuku na Mikelenge, pamoja na kituo cha reli, iko ng'ambo. Vijana wa huku wanaopiga picha za watu, wengi kwa simu, huniuliza maswali yanayofanana. Nimeyajibu hapa kwa pamoja.

Yaya, sina taa, na umeme ni wa kubahatisha. Mwanga wa studio nitautoa wapi?

Mlangoni, mdogo wangu. Funga madirisha, acha mlango mmoja wazi. Mkalishe mtu ndani, hatua moja kutoka kizingitini, ubavu ukiwa upande wa mlango. Mgeuze uso polepole kuelekea nje mpaka uone pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho lililo upande wa giza. Hapo simama, piga. Mafundi wameupa mwanga huo jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Hata Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua, shuka la kitanda likiwa pazia la nyuma.

Kwa nini nyuso zetu hutoka ama giza tupu, ama zimepauka kama zimepakwa majivu?

Kwa sababu kamera haijui inatazama nini. Inachotafuta ni wastani, mwanga usizidi wala usipungue. Ukimsimamisha mtu mbele ya anga jeupe, kamera inapunguza mwanga, na uso unazama. Ukimweka mbele ya ukuta mweusi, inaongeza, na uso unapauka. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha shusha au pandisha mwanga kwa kidole mpaka rangi ya ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Halafu kumbuka kwamba uzuri wa ngozi nyeusi uko kwenye mng'ao. Mwanga mpana wa ubavuni, kama ule wa mlango, hupita juu ya shavu, pua na paji la uso na kuvichonga. Mwanga mkali wa usoni moja kwa moja huubapiza uso wote.

Picha za jioni mtoni hupendeza. Siri yake nini?

Siri ni ukingo tuliosimama. Kutoka huku jua linazama ng'ambo, juu ya maji. Mtu akiutazama mto, mwanga wa dhahabu unampiga usoni, na mng'ao wa maji unapanda kutoka chini na kufuta kivuli cha machoni. Akiupa mto mgongo, nywele na mabega yanazungukwa na uzi wa moto; hapo shika kitambaa cheupe mbele yake kimrudishie mwanga usoni. Lakini fanya haraka. Tuko karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima na giza halichelewi. Mtu awe amekwisha kuvaa na kukaa tayari nusu saa kabla ya jua kuzama.

Nataka vivuli vyenye maumbo usoni. Nitumie nini?

Jani la mchikichi, au tenga lenye matundu makubwa. Lishike kati ya jua na uso. Likiwa karibu na uso, mistari hukatika safi. Ukilisogeza mbali, kingo zinalainika, kwa kuwa jua si nukta, lina upana wake. Ndiyo maana chekeche lenye matundu madogo, likiwa mbali, halitoi umbo lolote, linatoa ukungu tu. Hakikisha angalau jicho moja limeangukiwa na mwanga.

Na usiku?

Mpiga picha Jean Depara alizunguka na flashi kwenye baa za Kinshasa miaka ya 1950 na 1960, na giza la nyuma ndilo lililowafanya watu wake wang'ae. Wewe una tochi. Usiiwashe kutoka kwenye simu inayopiga picha. Mpe mwenzako aishike pembeni, juu kidogo ya kichwa, na iangaze kwanza ukuta mweupe ili mwanga urudi laini. Ukitaka kuchora kwa mwanga, weka simu juu ya kiti isitikisike, acha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 4 hadi 8, mtu akae kimya kabisa, na mwenzako apitishe tochi nyuma yake akifuata mabega. Ukipenda rangi, funika tochi kwa mfuko mwepesi wa plastiki. Nyekundu na njano hukubaliana na ngozi. Kijani humfanya mtu aonekane mgonjwa.

Mteja akiniuliza nusu nyingine ya uso wake iko wapi?

Ana haki, amelipia uso mzima. Mpigie kwanza picha ya mwanga wa wazi, aipeleke kwao. Kisha mwombe moja ya kwako. Kaa naye palepale mlangoni, sogeza kikwembe cheusi karibu na shavu la upande wa ndani, kile kitambaa kinywe mwanga. Mwonyeshe zote mbili. Akichagua ya pili, usiharakishe kununua taa. Tafuta kwanza kikwembe cheusi cha pili.